Ovaroli ya dizeli niifue aje?

SWALI: Shangazi, mzee wangu amepata kibarua cha kusafisha dizeli iliyomwagika relini huko juu Fort Ternan, wanalala kwa tenti, akirudi Muhoroni ovaroli inanuka na mikono imejaa vipele. Nifanye aje?

JIBU: Pole mama. Dizeli inakausha ngozi hadi inapasuka, kwa hivyo aoshe na sabuni na maji, asinawe na petroli, na adai glavu zisizopitisha mafuta, hiyo ni haki yake. Ovaroli ifue peke yake, mbali na nguo za watoto na mbali na jiko, maji usimwage mtoni. Na wanakijiji wakija na jerikeni kuchota awakataze kabisa, kule Sachangwan karibu na Molo mwaka 2009 watu walikuwa wanachota petroli ya lori lililoanguka, moto ukaua zaidi ya watu 100, mimi bado inaniuma. Vipele visipoisha aende kliniki.