Maswali Yenu: Vifaa vya USB Ndani ya Mashine Pepe

Swali: Kompyuta yangu ina Ubuntu, na ndani ya VirtualBox (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) nimeweka Windows 10. Nikichomeka flashi, Ubuntu inaiona, ila kwenye menyu ya VirtualBox orodha ya USB ni tupu. Guest Additions nimeshaziweka upya na hakuna kilichobadilika.

Jibu: Guest Additions hazihusiki na USB, kazi yake ni skrini, kipanya na folda za pamoja. Orodha ikiwa tupu kwenye Linux, karibu kila mara ni ruhusa: jina lako halimo kwenye kundi la vboxusers. Andika:

`sudo usermod -aG vboxusers $USER`

Kisha toka kwenye akaunti yako uingie upya. Kufunga na kufungua VirtualBox hakutoshi, kwa sababu makundi husomwa wakati wa kuingia. Amri ya `groups` itakuonyesha kama umeshaingizwa.

Baada ya hapo endesha `VBoxManage list usbhost` uangalie hali ya flashi. "Busy" maana yake Ubuntu bado inaitumia. "Captured" maana yake imeshakabidhiwa mashine pepe. Kabla ya kuikabidhi, itenganishe na Ubuntu kwa `udisksctl unmount -b /dev/sdb1` (badala ya sdb1 weka jina la flashi yako, `lsblk` italionyesha). Usiruke hatua hii. Mafahali wawili hawakai zizi moja: flashi ikinyakuliwa huku Ubuntu ikiwa bado haijamaliza kuandika, mafaili huharibika. Usiizime flashi kwa `udisksctl power-off`, maana itatoweka hadi uichomoe na kuichomeka tena.

Swali: Natumia Windows 7 ndani ya VirtualBox kwa sababu ya programu ya zamani. Kunakili GB 4 kwenda kwenye flashi kunachukua zaidi ya saa. Nikichagua USB 3.0, flashi haionekani kabisa. Je, flashi ni mbovu?

Jibu: Flashi ni nzima. Mashine yako imewekwa USB 1.1, ambayo mwisho wake ni megabiti 12 kwa sekunde, sawa na MB 1 na ushei. USB 3.0 inagoma kwa kuwa Windows 7 haikuja na draiva ya xHCI (kidhibiti cha USB 3.0). Inapatikana kuanzia Windows 8. Chagua USB 2.0. Mashine pepe iwe imezimwa kabisa kwanza, si kuhifadhiwa ilipofikia. Kama VirtualBox yako ni ya kabla ya 7.0, utahitaji pia Extension Pack (kifurushi cha nyongeza cha VirtualBox) ya toleo lilelile; tangu 7.0 ya mwaka 2022, USB 2.0 na 3.0 zimo ndani ya programu yenyewe.

Swali: Nataka kubadilisha mfumo wa simu ya Android nikiwa ndani ya mashine pepe. Adb (programu ya kuamuru simu kutoka kompyuta) inaiona simu vizuri, lakini ikiingia fastboot (hali ya kuandikia mfumo wa simu) inapotea na amri inabaki kusubiri. Waya nimeshabadilisha.

Jibu: Waya hauna kosa. Simu ikiingia fastboot hujikata, kisha hujitambulisha kwa namba nyingine, na kwa kompyuta hicho ni kifaa kipya. Mashine pepe ilikabidhiwa kile cha mwanzo. Hiki kipya kimebaki kwa mwenyeji, yaani kompyuta yako halisi. Endesha `lsusb` kabla na baada utaona: simu ya Pixel huweza kuwa 18d1:4ee7 ikiwa kwenye adb na 18d1:4ee0 ikiwa kwenye fastboot. Namba ya kwanza ni ya mtengenezaji, ya pili ni ya bidhaa.

Dawa ni kichujio, yaani kanuni ya kuiambia VirtualBox ni vifaa gani ivikabidhi mashine pepe yenyewe. Nenda kwenye mipangilio ya mashine pepe, sehemu ya USB, bonyeza alama ya kujumlisha, chagua simu yako. VirtualBox itajaza nafasi zote yenyewe, na hapo ndipo wengi hukwama, kwani kichujio cha namna hiyo hukubali hali moja tu ya simu. Kifungue, acha Vendor ID (namba ya mtengenezaji) peke yake, futa vingine vyote. Baadhi ya simu hubadili hata namba ya mtengenezaji; kwa hizo ongeza kichujio cha pili simu ikiwa tayari kwenye fastboot. Na kama adb inaendeshwa pia kwa mwenyeji, isimamishe kwa `adb kill-server`, la sivyo itaing'ang'ania simu.

Hata hivyo, kazi ya kuandika mfumo wa simu tunashauri uifanyie kwa mwenyeji ikiwezekana. Muunganisho ukikatika katikati, simu inaweza isiwake tena.

Swali: Niliongeza kichujio kitupu ili kila kifaa kiingie Windows. Sasa nikiwasha mashine pepe, kibodi na kipanya vinakufa.

Jibu: Havijafa, vimehamia ndani ya Windows. Nafasi iliyoachwa wazi kwenye kichujio hukubali chochote. Zima Windows kwa kibodi hiyohiyo, vifaa vitarudi kwa mwenyeji, kisha ufute kichujio hicho na utengeneze kimoja kimoja kwa kila kifaa unachokihitaji.