Shangazi, mke wangu akiajiriwa ndoa itavunjika?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni seremala, Morogoro. Mke wangu amepata kazi ya uhasibu kiwandani. Sina neno, mradi kazi za nyumbani zibaki palepale. Ila kaka yangu anasema mwanamke akishika mshahara hashikiki, ndiyo maana talaka zimejaa mjini. Nimkatalie?*

Marahaba, mwanangu. Kaka yako ameona jambo la kweli, akalisoma kinyume. Mwanamke asiye na kipato huvumilia hata kipigo, na ndoa ya hivyo watu huiita imara. Mshahara humpa nauli ya kuondoka, lakini sababu ya kuondoka huwa imo ndani tangu zamani. Mkeo anayo?

Tazama Marekani. Talaka zilipanda miaka ya 1960 na 1970, wanawake wakimiminika makazini. Sheria nazo zililegezwa: California iliruhusu talaka bila kutafuta mwenye kosa tangu 1970. Ilipofika karibu 1980 talaka zikafika kileleni, kisha zikaanza kushuka, na wanawake wakazidi kuajiriwa. Mwaka 2016 mwanasosholojia Alexandra Killewald wa Harvard alionyesha kwamba katika ndoa za huko zilizofungwa tangu 1975, zilizokuwa hatarini zaidi ni zile ambazo mume hakuwa na kazi ya kutwa. Kwa hiyo linda karakana yako.

Mimi kinachonitisha ni hayo maneno yako, "zibaki palepale". Akitoka alfajiri na kurudi jioni, nani atapika? Nani atamwogesha mtoto, atamsaini daftari la shule? Ukimwachia yote, mwaka hauishi mtakuwa mnanuniana, na kaka yako atajipigia makofi kwamba alikuonya.

Upande wa fedha, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakupa wewe wajibu wa kumtunza mkeo, na anachochuma mwenyewe ni mali yake. Kadi yake ya benki usiiguse, wala usiulize namba ya siri. Kaeni mpange kabla mshahara wa kwanza haujaingia: ada nani, kodi nani, akiba kiasi gani. Ukiona aibu kulizungumza hilo sasa, utalizungumza mbele ya baraza la usuluhishi.

Mruhusu, tena umwambie wewe mwenyewe, si kupitia kaka yako. Na kama una kijana aliyefika darasa la sita, aanze kusonga ugali wiki hii, amechelewa.