Maswali na majibu ya sataranji: c4, c5 na tabia ya kuigana

Mara hii barua nyingi zimeuliza ufunguzi mmoja: nyeupe anasukuma askari wa c hadi c4, nyeusi anamjibu c5, basi ubao mzima unaanza kufanana. Ni tawi la Ufunguzi wa Kiingereza, lile la ulinganifu. Kwa mgeni wa safu hii, tembo ndiye anayekwenda mshazari na askari ni wale wanane wa mbele; herufi na namba hutaja mraba, herufi a hadi h kutoka kushoto kwa nyeupe, namba 1 hadi 8 kutoka upande wake.

*Shikamoo. Shuleni tunaambiwa tukamate katikati kwa e4. Huyu anayeanza c4 anatafuta nini kule pembeni?* (Mwanafunzi wa sekondari, Ujiji)

Marahaba. Anatafuta katikati ileile, ila anaingilia ubavuni. Askari wa c4 anaichunga d5. Nyeusi akiweka askari hapo, nyeupe anamla na kuwa amebadilishana askari wa pembeni kwa wa katikati, biashara nzuri hiyo. Baadaye tembo anapanda g2 kuilenga d5 hiyohiyo. Nyeusi anapojibu c5, naye anaikaba d4 kwa sababu zilezile. Jina limetokana na Howard Staunton, Mwingereza aliyeucheza alipopambana na Mfaransa Saint-Amant jijini Paris mwaka 1843.

*Nikiwa nyeusi naiga kila kitu: c5, g6, tembo g7, farasi c6. Vijana wa kijiweni wananiita kasuku, lakini sifungwi upesi. Kuna ubaya?* (Fundi simu, karibu na stesheni ya Kigoma)

Fundi, kuiga kuna mwisho wake. Panga ubao twende pamoja.

c4 c5, g3 g6, tembo g2 na g7, farasi c3 na c6. Mko sawa kwa kila kitu isipokuwa kimoja: zamu ni ya nyeupe. Anacheza a3, unamwiga a6. Anapeleka ngome b1, yako inakwenda b8. Sasa anasukuma b4. Unamla kwa askari wa c, naye anarudisha kwa askari wa a. Unasukuma b5, anakula, unarudisha kwa askari wa a. Bado ni pacha. Nyeupe anatoa farasi f3.

Hapa ndipo kasuku anaponaswa. Ukiiga kwa farasi f6, nyeupe anasukuma d4, unajibu d5, kisha tembo wake wa c1 anatua f4. Fuata mshazari kwa kidole: f4, e5, d6, c7, b8. Njia iko wazi kabisa, maana askari wa c aliyekuwa akiziba ameshaliwa. Ngome yako ya b8 imeshikwa, lazima uihangaikie, na mwenzako ameendelea kujipanga bila kupoteza zamu.

Dawa ni kuacha kuiga pale alipotoa farasi f3. Usiguse farasi wako, sukuma d5 papo hapo. Akijibu d4, wewe ndiye unayepeleka tembo f5, na sasa ngome yake ya b1 ndiyo inayotafuta pa kukimbilia. Silaha ni ileile, kaitangulia mwingine. Wazee wanaocheza bao la kujifunza wanalijua hili: kila shimo linaanza na kete mbili, kwako na kwa mwenzako, lakini anayecheza wa kwanza tayari ameshaharibu usawa.

Kwa hiyo usijiulize tu "amefanya nini, nami nifanye". Jiulize hatua gani ya ulinganifu ina faida kubwa kwa atakayeiwahi. Mara nyingi katika ufunguzi huu ni kusukuma d au b hatua mbili. Mimi binafsi nikishaona mtu ameiga a3 kwa a6, huwa nakaa vizuri kwenye kiti.

*Mwanangu ana miaka 9 na anapenda sana mchezo huu. Nimwanzishie c4?* (Mama, Kasulu)

Bado, mama. Mwache acheze e4 na e5 kwanza, aonje mashambulizi. Lakini kama naye ni mwigaji, mwonyeshe hii usiku mmoja atapona: e4 e5, farasi f3 na f6, farasi wa nyeupe anakula e5, wa nyeusi anakula e4. Nyeupe anaweka malkia e2. Nyeusi akikimbiza farasi wake f6, farasi wa e5 anaruka c6. Mfalme ana shaha kutoka kwa malkia, na farasi huyohuyo amemshika malkia wa d8. Malkia keshakwenda.

*Mwenzangu ofisini anajipanga a6, b6, d6, e6, halafu anatulia. Nina uwanja mpana lakini simvunji, na mwishowe ananigeuzia kibao.* (Mwalimu, Mwanga)

Mwalimu, huo mpangilio unaitwa kalunguyeye, na umekuumiza kwa sababu umeuharakia. Nyeusi anakuachia c4 na e4, anaweka matembo b7 na e7, kisha anasubiri kitu kimoja: apate wakati mzuri wa kusukuma b5 au d5. Kazi yako ni kuzihesabu sehemu hizo mbili kabla ya kila hatua. Nani anaichunga b5? Nani anaichunga d5? Pia usikubali kubadilishana kete ovyo. Aliyebanwa ndiye anayetaka ubao upungue watu.

Mwangalie na mfalme wake. Akimpeleka h8 kisha ngome g8, anakuja na g5. Mmarekani Bobby Fischer alilionyesha wazo hilo mwaka 1970 mjini Siegen, Ujerumani, akicheza nyeupe kwa mpangilio huohuo uliogeuzwa: mfalme h1, ngome g1, askari g4. Aliyepigwa siku ile ni Ulf Andersson wa Sweden, ambaye baadaye akawa miongoni mwa waliousambaza upande wa nyeusi. Kipigo kingine kina faida.

*Programu ya simu inaonyesha sawa kwa sawa hatua kumi mfululizo. Si ni sare tu hii?* (Dereva wa bodaboda, Kigoma mjini)

Simu inapima kana kwamba wote wawili mnacheza kama mashine, na wewe huchezi na mashine. Jaribu njia yenye jina la Rubinstein, bingwa wa zamani wa Poland: c4 c5, farasi f3 na f6, farasi c3 na askari d5. Nyeupe anakula d5, farasi wako anarudisha. Kisha g3, farasi c6, tembo g2, na farasi wako wa d5 anarudi c7. Inaonekana kama kurudi nyuma, lakini hatua inayofuata ni e5, nawe nyeusi unaimiliki d4 kutoka pande mbili. Hapo ulinganifu umekufa. Ukiwa nyeupe dhidi yake, weka d3, farasi wa f3 apitie d2 hadi c4. Ataisumbua e5, na tembo wako wa g2 atakuwa amefunguliwa njia yote hadi c6.