Nguvu ya soda haifiki Novemba

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: "Hamu ikiisha, ufanye nini ili usiliache lengo lako katikati?" Nitajibu kwa mfano mmoja unaojulikana hapa Dodoma: mtu anayeshinda kwenye meza ya biashara Soko la Majengo, na Novemba anataka kurudia Hisabati ya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kuweka akiba, kukimbia, kupunguza uzito, yote hufa kwa njia ileile.

Wengi hudhani lengo hufa siku hamu inapoisha. Mara nyingi limeshauawa siku chache kabla, hamu ilipokuwa juu. Mtu ananunua kaunta buku mpya Jumamosi, anakesha hadi saa 8 usiku, anamaliza maswali 15. Jumapili hivyohivyo. Jumatatu anaamka macho mekundu, mzigo unamsubiri sokoni, na kichwani kipimo cha kusoma kimeshakuwa maswali 15. Usiku ana nguvu ya maswali 2. Anaona 2 si kitu, analala. Jumanne anadaiwa 30, na deni la namna hiyo halilipiki. Nguvu ya soda huishia hapo.

Vikundi vya kuweka na kukopa vinatufundisha jambo hapa. Katika katiba za vikundi vingi, kila mwanachama hununua angalau hisa 1 kwa kikao, na haruhusiwi kuzidisha hisa 5. Ile 1 kila mtu anaielewa. Ile 5 imewekwa ili mwenye fedha asikimeze kikundi, lakini inamlinda pia mwenye fedha mwenyewe: aliyeuza alizeti wiki hii hamwagi zote sandukuni halafu kikao kijacho akakosa hata hisa moja. Lengo lako nalo lipe kima cha chini na kima cha juu, na uviandike siku ambayo bado una hamu, kwa sababu siku ya uchovu utajipunja na siku ya furaha utajibebesha.

Kwa Hisabati, chini iwe swali 1, juu iwe maswali 4. Karatasi za miaka ya karibuni zina maswali 14 ya kufanywa kwa saa 3. Yale 4 ya sehemu B ni marefu, kila moja lipe siku 2. Kwa mwendo wa kima cha chini tu, karatasi moja inachukua siku 18. Kuanzia tarehe 1 Mei hadi 31 Oktoba ni siku 184, yaani karatasi 10 zimeisha bila kuwa na hata siku moja ya hamu kubwa. Hesabu hii ifanye mwenyewe kwa lengo lako kabla ya kuanza. Kama kima cha chini hakikufikishi popote, chagua lengo dogo zaidi au tarehe ya mbali zaidi, maana mpango unaotegemea siku nzuri peke yake utakuangusha.

Kima cha chini kipime kwa siku mbaya: umeme umekatika, mtoto ana homa, miguu inawaka moto kwa kusimama. Kisipowezekana ndani ya dakika 15 hivi siku kama hiyo, ni kikubwa. Na usikipandishe kwa sababu wiki moja imekwenda vizuri. Hilo ndilo kosa la pili kwa ukubwa, na huwapata hasa watu wenye bidii.

Kima cha juu nacho kina utaratibu wake. Swali la nne likiisha, acha, hata kama mkono bado unawasha. Ila kabla ya kufunga daftari, fungua ukurasa mpya, nakili swali la kesho, chora umbo lake kama lina umbo, andika mstari wa kwanza wa jibu. Biki ibaki katikati ya ukurasa huo, na daftari likae palepale utakapokaa kesho. Mtu aliyechoka hashindwi na logarithimu. Anashindwa na kutafuta biki, kutafuta karatasi, kuamua aanzie swali gani. Akikuta mstari mmoja umeshaandikwa, wa pili hauna kazi. Karatasi za mitihani ya nyuma zitoe kopi. Ukizisoma kwenye simu, ujumbe wa kwanza utakaoingia utaondoka na jioni yako. Taa ya sola ichajiwe mchana, kila siku, hata kama umeme upo.

Halafu kuna swali la saa ngapi. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer amechunguza kwa miaka mingi mipango inayoandikwa kwa umbo la "likitokea hili, nitafanya lile", na imeonekana kuwa inawasaidia watu kutekeleza kuliko nia tupu. Umbo ni rahisi, lakini watu hulikosea. "Jioni nikipata nafasi nitasoma" haina tukio lolote ndani yake. "Saa 2 usiku nitasoma" ni afadhali, ila daladala ikichelewa saa 2 inakukuta njiani na siku imepotea. Tafuta tendo ambalo hutokea kila siku na liko mikononi mwako: "Nikishamaliza kuosha vyombo vya usiku, nitakaa kwenye meza na kufanya swali 1." Umeme, wageni na usafiri viko mikononi mwa wengine, kwa hiyo usifunge lengo kwenye vitu hivyo. Anayekimbia asubuhi afunge mazoezi kwenye kuswaki, na raba zilale mlangoni, hasa Juni na Julai ambapo baridi na upepo wa Dodoma humrudisha mtu kitandani kabla hajafika uwanjani.

Tarehe ya kuanza pia ina uzito. Watu huanza Januari kwa mazoea, na kwa mkoa huu sioni mwezi mbaya zaidi. Tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba mwishoni au Desemba hadi Aprili. Januari mwenye shamba yuko kwenye palizi, ghala limepungua, shule zimefunguliwa na watoto wanataka sare na madaftari. Lengo linaanza likiwa limezungukwa na kila aina ya madai, kisha mtu anajiita mvivu. Mei, mavuno yakianza kuingia, ndiyo wakati wake. Asiye na shamba aangalie kalenda yake: mwenye duka ana msimu wake, mtumishi wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ana mwezi wake wa kufunga hesabu za serikali. Anza baada ya kishindo hicho.

Na anza na lengo moja. Wanaotunza kisiki hai mkoani kwetu wanajua kisiki chenye machipukizi mengi kikiachwa hivyohivyo hubaki kichaka. Wanachagua machache yaliyonyooka, wanapogoa mengine, mizizi iliyokuwa imeshashuka ardhini inayasukuma kuwa mti. Hisabati, Kiingereza, mazoezi na biashara mpya kwa mwezi mmoja ni kichaka.

Sasa siku zinazokosekana. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, kwa wiki 12. Kwa wale ambao mwenendo wao ulipimika vizuri, mtu wa katikati alihitaji siku 66 mpaka jambo lianze kujiendesha. Makadirio ya mtu mmoja mmoja yalitoka siku 18 hadi 254. Kwa hiyo siku 21 wanazotangaziwa watu kuwa zinatosha kujenga tabia zisikuvunje moyo zikipita bado unajisukuma. Kilicho muhimu zaidi: kukosa siku moja hakukuharibu safari yao. Basi kanuni yako iwe kutokukosa siku 2 mfululizo, na iliyokosekana isilipwe. Kesho ni swali 1 kama kawaida.

Weka kalenda ya ukutani karibu na meza. Siku ya kima cha chini chora mstari mmoja, siku iliyozidi chora mkasi (X), siku iliyokosekana andika sifuri. Usiache kisanduku kitupu. Sifuri iliyoandikwa ni taarifa, kisanduku kitupu ni aibu, na aibu humfanya mtu aitoe kalenda ukutani. Jumapili tazama wiki. Mistari peke yake kwa wiki 4 haimaanishi umeshindwa, ila tendo ulilolifungia linaweza kuwa linakukuta umechoka mno. Jaribu kulihamishia asubuhi. Sifuri zikirudi siku ileile kila wiki, tafuta kinachotokea siku hiyo. Mara nyingi ni siku ya mnada au ya kikao.

Kuna hamu inayoisha ambayo haitibiwi na kalenda. Ikiwa ni lengo hili tu limepoa, endelea na kima cha chini. Lakini ikiwa chakula hakina ladha, usingizi umeharibika, watu uliowapenda wanakuchosha, na hali hiyo imedumu wiki 2 au zaidi, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ina matibabu. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, ukaeleze hivyohivyo. Hapa tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, na inaniuma kuona jina lake linavyotumiwa kama tusi mitaani, kwa sababu yupo mtu anayeogopa kwenda kwa ajili ya tusi hilo.

Mwisho, kuacha kunaruhusiwa. Pengine lengo lilikuwa la baba yako au la jirani. Ila usiamue usiku wa uchovu. Siku ya kuanza, andika kwenye jalada la daftari tarehe moja ya kuamua, tuseme 31 Julai, asubuhi, umeshakunywa chai. Ukitaka kuacha kabla ya hapo, fanya swali 1 na usubiri tarehe. Ikifika na bado unataka kuacha, andika sababu kwa sentensi moja chini ya tarehe, na kopi zako mpe mtahiniwa mwingine.