Ini la kupandikizwa: anzeni na kundi la damu

Mkuu uliyeko Nachingwea, umeuliza kama watoto wote wa mzee wenu anayehitaji ini wapimwe "vinasaba" kabla ya safari ya India, ili ajulikane wa kumpa kipande cha ini lake, kwa kuwa shemeji yako alipopandikizwa figo vilipimwa. Hiyo hela itunzeni kwanza. Ini si figo.

Kwenye figo, kulandana kwa HLA, zile alama za seli ambazo kinga hutambulia mgeni, kuna uzito mkubwa. Ini kinga hulivumilia zaidi, kwa hiyo HLA kwa kawaida haiamui nani atoe. Kinachotangulia ni kundi la damu: O humpa yeyote, AB hupokea kwa yeyote, A hupokea kwa A au O, B kwa B au O. Chanya na hasi haisumbui. Makundi yakigongana siku hizi inawezekana, ila maandalizi ni marefu na bili inapaa.

Sisi hapa Mtwara tuliyapitia kwa kaka yangu, kundi A, ini limesinyaa kwa homa ya ini B. Ukoo mzima ulimpigia debe mdogo wetu, tumbo moja, naye kundi A. Picha zikaonyesha ini lake lina mafuta, akaachwa. Aliyetoa ni mwanawe wa kundi O, ambaye hakuna aliyemfikiria. Madaktari walihangaikia zaidi ukubwa wa kipande na mirija ya nyongo. (Vyeti vya undugu na barua ya ubalozi andaeni mapema, sheria ya India inambana mgeni.)

Kuishi je? Kwenye vituo vizuri takriban 9 kati ya 10 huvuka mwaka wa kwanza. Mwili kulikataa ini hutokea zaidi miezi ya mwanzo, na mara nyingi dawa hutuliza. Hatari kubwa ni maambukizi, na mgonjwa kujiachisha vidonge. Kaka humeza takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usilikatae ini, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, hata akiwa msibani. Siku ya kupima kiwango cha dawa hiyo kwenye damu, hutoa damu kwanza, ndipo ameze. Balungi hagusi, linapandisha dawa mwilini. Rifampisini ya TB huishusha vibaya, kwa hiyo kila zahanati aingiayo anasema anameza takrolimasi. Wauza mizizi ya "kusafisha ini" tulishawafukuza mlangoni.

Kama mzee naye ana B, ulizeni dawa za kuzuia virusi visirudi kwenye ini jipya. Ninyi watoto nanyi pimeni B sambamba na kundi la damu, maana mwenye virusi kwa kawaida hatoi.