Mbegu ya nyasi isugue kiganjani kwanza, ndio utoe pesa

Jana msomaji mmoja wa Kibwezi amenitumia picha ya suke moja limekauka, ati nimwambie ni nyasi gani. Nilicheka, alafu nikanyamaza, kwa sababu mimi pesa yangu ililiwa hivyo hivyo.

Kiangazi kilikuwa kimetumaliza huku Makueni, shamba limebaki vumbi, nikaamua napanda nyasi ya kienyeji, nataka ndata kivumbu, ile ya suke kama mkia wa mbweha, na mbeetua kidogo. Jamaa akaniletea magunia mawili, mbegu nyepesi kama pamba, nikalipa bila hata kuingiza mkono. Nikachimba mitaro, nikangoja mvua ya Novemba, nikamwaga mbegu juu juu na kuzifunika na udongo kidogo tu, mvua ikanyesha vizuri kabisa, na kilichojaa shambani ni Aristida, ile mbegu yake ina nywele tatu ndefu, ng'ombe anaila ikiwa changa tu, ikikomaa anaipita kama hajaiona. Jirani alisimama kwa ua akaniuliza kama siku hizi nalima mifagio. Sijasahau.

Sasa mimi suke peke yake halinidanganyi. Nachota mbegu, nasugua kiganjani, napuliza makapi, natafuta punje. Ndata kivumbu nywele zake ni nyingi, zimeshikana chini kama kibrashi. Mbeetua ni bapa kama kunguni, huwezi kuikosea. Ukisugua na usipate punje hata moja umeuziwa makapi, rudisha gunia! Na ukivuna yako usikimbilie kupanda, iache mahali pakavu miezi kadhaa, mbegu mbichi hugoma kuota.

Zile nyasi zinazotambaa nazo ng'oa uone. Star na Bermuda masuke yote ni kama vidole, lakini Bermuda ina mashina yanayopita chini ya udongo, star hutambaa juu tu. Ukikosea ukapanda Bermuda ukidhani ni star karibu na shamba la mahindi, utalima mpaka uchoke.

Wakulima wenzangu, tumezidi uvivu. Wazee walijua kila nyasi kwa jina, sisi tunajua bei ya beli. Shika mbegu, sugua, uliza. Narudia, sugua.

Wewe wa Kibwezi, nitumie picha ya mbegu ikiwa kiganjani. Na yule jirani alikuja mwezi jana kununua mbegu kwangu, akasugua vizuri nikimwangalia, akalipa bei kamili.