Amri Iliyoshuka Hadi Namanga

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza iwapo maamuzi ya kiuchumi ya kiongozi mwenye msimamo mkali huijengea nchi yake heshima mbele ya mataifa au huipunguzia marafiki, na mmetutaka tumchukue Hayati Rais John Magufuli kama mfano. Nimelisoma mara tatu, na kila mara nimejikuta nikijibu swali jingine lililo jirani nalo: huo uhusiano wa kimataifa unaishi wapi hasa, na unapochafuka ni nani anayelipa? Naomba mniruhusu nijibu hilo, kwa kuwa mwishoni mwa mwaka 2017 nilikuwa karani wa kampuni ndogo ya uwakala wa forodha pale Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, na niliyoyaona huko hayajanitoka.

Nianze kwa kusema wazi niliposimama. Nilikuwa muungaji mkono wake, na kwa sehemu kubwa bado niko hivyo. Tarehe 12 Juni 2017, Profesa Nehemiah Osoro alipowasilisha Ikulu ripoti ya kamati ya pili ya makinikia, ule mchanga wenye dhahabu uliokuwa ukisafirishwa nje na kampuni za madini, sisi makarani tuliacha mafaili mezani tukasimama mbele ya televisheni mpaka mwisho. Watu wa kazi yetu hawakuhitaji kuelezwa uzito wa makontena 277 kuzuiwa bandarini, kwa sababu sisi ndio tunaojua jinsi karatasi inavyoweza kusema jambo moja na mzigo ukasema jingine. Siku mbili baadaye John Thornton, mwenyekiti wa kampuni ya dhahabu ya Barrick ya Kanada, alikuwa Ikulu akizungumza na Rais ana kwa ana. Tulizoea kuwaona mawaziri wetu wakisafiri kwenda kuwaomba wawekezaji, na siku ile mwekezaji ndiye aliyepanda ndege. Siwezi kumlaumu Mtanzania yeyote aliyejisikia mrefu kidogo siku hiyo.

Yaliyofuata mnayajua. Mwezi Julai Bunge lilipitisha sheria za kulinda maliasili na ile ya mapitio ya masharti hasi katika mikataba. Mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na serikali ikajipatia haki ya hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi. Acacia, kampuni tanzu ya Barrick iliyokuwa ikichimba dhahabu hapa nchini, ikadaiwa kodi ya dola bilioni 190, kiasi ambacho hakuna mtu mwenye kujua hesabu aliyetarajia kilipwe. Makubaliano na Barrick yaliyotiwa saini Januari 2020 yalikuwa ya dola milioni 300, hisa za asilimia 16, mgawanyo wa manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu, na kampuni ya ubia ya Twiga. Mimi nayaita mafanikio. Nayaita hivyo nikikumbuka pia kwamba yaliletwa na zaidi ya miaka miwili ya majadiliano ya kimyakimya yaliyoongozwa na Profesa Palamagamba Kabudi, na kwamba kelele za Juni zilifungua mlango tu.

Sasa nirudi Namanga.

Oktoba mwaka huohuo, ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji kutoka Kenya waliokamatwa upande wetu walipigwa mnada, na Rais akasema hadharani kwamba Tanzania si mahali pa kulishia ng'ombe wa nchi jirani. Mwishoni mwa mwezi, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vilichomwa moto palepale mpakani. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya kuzuia magonjwa ya ndege, na katazo la kuingiza kuku lilikuwepo kweli. Sisi wa forodha tulilijua. Lakini katazo hilo lilikuwepo tangu miaka ya nyuma, na mizigo ya namna ile ilikuwa ikirudishwa ilikotoka. Hatukuwahi kuona moto. Kenya ililalamika kwa njia za kidiplomasia, magazeti ya pande zote mbili yakaandika, na wakubwa wakatoa maelezo.

Siku chache baadaye tulikuwa na lori la nyanya za Ngarenanyuki. Lilikuwa la mzee mmoja mkulima ambaye kampuni yetu ilikuwa ikimtolea mizigo kwa miaka mingi, na mnunuzi wake alikuwa mama mmoja wa Nairobi. Walikuwa wakifanya biashara kwa mali kauli: mzee anapakia, mama anapokea, anauza, kisha anatuma fedha, bila mkataba wala shahidi. Kwa miaka tisa hawakuwahi kugombana hata mara moja. Mimi binafsi nilikuwa nikimwita mama, naye akiniita kijana wangu, na kila alipokuja mpakani alitaka kujua kwanza habari za wazazi wangu ndipo aulize mzigo umefika wapi.

Lori liliingia uwanja wa ukaguzi wa upande wa pili asubuhi ya Jumanne. Karatasi zote zilikuwepo, pamoja na cheti cha afya ya mimea ambacho kwa kawaida kilikuwa kikiangaliwa kwa dakika mbili na kugongwa mhuri. Ofisa aliyekuwa zamu alikisoma kwa muda mrefu, akakiweka pembeni, akasema sahihi yake inabidi ithibitishwe na ofisi iliyokitoa. Nilimweleza kwamba ofisi ni ileile na sahihi ni ileile ya juma lililopita. Hakunijibu kwa ukali, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi, kwa sababu mtu anayekasirika unaweza kumbembeleza. Alisema tu, kwa adabu kabisa, kwamba siku hizi kila upande unafuata sheria.

Nilipiga simu Arusha, nikaambiwa nitume barua. Nikatuma barua, nikaambiwa mhusika yuko safarini. Jumanne ikaisha. Jumatano jua lilikuwa kali, na dereva akafungua turubai ili matenga yapate hewa, kisha akalifunga kwa kuhofia wingu lililotanda alasiri, kisha akalifungua tena. Nyanya ni mali isiyosubiri mtu. Kufikia Jumatano jioni maji yalikuwa yanachuruzika kutoka matenga ya chini, yakifanya mstari mwekundu ubavuni mwa lori, na nzi wakaanza kujaa. Mama alikuwa amefika kwa matatu tangu mchana. Alizunguka lori lile mara mbili, akagusa ubao uliolowa, akaketi kwenye kivuli cha tairi na hakusema neno kwa muda mrefu. Mimi nilikaa pembeni yake na karatasi zangu, nikiwa na aibu kana kwamba ni mimi niliyewasha ule moto wa vifaranga.

Uthibitisho ulikuja Alhamisi saa tisa alasiri. Mhuri uligongwa. Kati ya matenga yote, yaliyofaa kwenda sokoni hayakufika theluthi moja.

Kwa desturi ya mali kauli, mzigo ulioharibika kabla ya kupokelewa ni hasara ya mwenye shamba, na mama hakuwa na wajibu wa kulipa hata senti. Alimtumia mzee nusu ya thamani ya mzigo mzima. Kisha akaniambia maneno ambayo nayanukuu kama nilivyoyasikia: «Kijana wangu, mwambie mzee sina ugomvi naye. Lakini siwezi kununua kitu ambacho sijui kama kitavuka.» Kuanzia juma lililofuata alinunua nyanya za Loitokitok, nchini kwake, na kwa kadiri nilivyofuatilia mpaka nilipoacha kazi ile hakurudi tena.

Nimelirefusha jambo hili la lori moja, na naomba radhi, lakini ndilo jibu langu. Hakuna waraka wowote wa Nairobi ulioagiza nyanya zetu zicheleweshwe, na ofisa yule angeweza kabisa kuwa mtu mwenye tahadhari tu. Vivyo hivyo sijawahi kusikia kwamba kuna waraka wa Ikulu ulioagiza vifaranga vichomwe badala ya kurudishwa. Ninachoamini ni kwamba kiongozi anapozungumza kwa ukali kuhusu mali ya nchi, watumishi wa ngazi za chini husikia ukali wenyewe kabla hawajasikia sababu zake, na kila mmoja hutafuta mahali pa kuuonyesha. Karani wa mpakani hana Barrick ya kupambana nayo. Ana mfugaji, ana mwenye vifaranga, ana mama wa nyanya. Na upande wa pili wa uzio kuna mtumishi wa ngazi ileile aliyesikia habari zetu redioni.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuishia hapo, nikiwa nimewagawa majirani na wakubwa katika mafungu mawili: kwa wakubwa alikuwa sahihi, kwa majirani alikosea. Sasa naona mgawanyo huo hausimami vizuri. Mwaka 2016 Tanzania ilikataa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, na tuliosifu uamuzi ule, nikiwemo mimi, tulisema tumewakatalia Wazungu. Lakini sisi, kama nchi iliyo katika kundi la zile zenye maendeleo duni, tulikuwa tunaingiza bidhaa zetu Ulaya bila ushuru kwa utaratibu mwingine, kwa hiyo kukataa hakukutugharimu sana. Aliyebaki na wasiwasi wa kutozwa ushuru kwenye maua yake alikuwa Kenya, na hatimaye ilibidi afunge mkataba wake peke yake, ulioanza kutumika Julai 2024. Hoja za Mzee Mkapa, Rais wetu wa awamu ya tatu, dhidi ya mkataba ule zilikuwa nzito na bado nazikubali. Nasema tu kwamba tulidhani tunamjibu Ulaya kumbe aliyeumia ni jirani.

Na hata kwa wakubwa, bili nyingine zilikuja tukiwa tumeshasahau. Kufutwa kwa leseni za kuhodhi maeneo ya madini kulitupeleka mbele ya baraza la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji la ICSID, na mwaka 2023 tuliamriwa kuilipa Indiana Resources na wenzake zaidi ya dola milioni 100. Mwaka uliofuata yalifikiwa makubaliano ya dola milioni 90, nazo zililipwa na serikali iliyofuata, kutoka kwenye mfuko uleule wetu.

Kwa upande mwingine, haki inanitaka nikumbushe kwamba ni katika miaka hiyohiyo Uganda iliamua bomba lake la mafuta lipite Tanga badala ya Kenya, na kwamba Desemba 2018 Rais Magufuli na Rais Kenyatta walisimama pamoja palepale Namanga kuzindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani. Kenya nayo haikuwa malaika: Machi 2021 ilizuia mahindi yetu kwa hoja ya sumukuvu, na wakulima wetu wakaonja kile ambacho mama yule alikionja.

Kwa hiyo, mkinibana nitoe hukumu, nitasema kwamba Magufuli alituongezea heshima, na ningeyaunga mkono tena maamuzi ya makinikia kama yangeletwa kesho. Nasema hivyo kwa sharti kwamba asiulizwe mama wa Nairobi, na kwa kukiri kwamba sharti hilo ni kubwa kuliko nilivyodhani nilipoketi kuandika. Mzee wa Ngarenanyuki nilimpelekea mwenyewe ile nusu ya fedha. Alizihesabu, akaniuliza kama mama alikuwa amekasirika, nikamwambia hapana. Akasema kuhusu dhahabu Rais yuko sawa kabisa, kisha akaniomba nimtafutie mnunuzi mwingine, awe wa hapahapa nchini ikiwezekana, hata kama bei yake ni ya chini.